Mashine Inayotaka Kukimbia

Tuseme ni mama wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye kwa miaka ameshona nyumbani kwa cherehani ya kukanyaga. Siku moja jina lake linachomolewa. Huenda ni kwenye tombola, huenda ni tuzo ya mwanafunzi bora wa darasa la ushonaji, huenda ni mradi uliokuwa ukitafuta mwanamke wa kupiga naye picha. Analetewa mashine ya kiwandani: kichwa cheupe cha chuma kinachotaka wanaume wawili kukinyanyua, meza ya zaidi ya mita moja, mota iliyoning'inia chini ya meza, pedali pana. Parseli nzima, yaani wote wanaoishi kwenye ua mmoja, inatoka nje kutazama. Kila mtu anampa hongera, na mimi ningempa pia. Halafu ningeuliza swali ambalo siku ya sherehe halina mwulizaji: mashine hii itafanya kazi gani humu ndani?

Siulizi kwa kejeli. Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Wabelgiji waliupanga kwa barabara zilizonyooka, zenye namba badala ya majina, wakawaweka humo Waswahili wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo: watu wenye asili ya Ujiji, Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, Waislamu wa kila kabila waliofuata biashara. Hadi leo ukizipita avenyu zile, upande mmoja ni nyundo za mafundi magari, upande wa pili ni cherehani. Kanzu za Idi hutoka humo. Magauni ya vitenge hutoka humo. Zikija Jumamosi za kiangazi, ambazo ni msimu wa harusi, mapindo ya imvutano, mavazi ya sherehe ya wanaomsindikiza bibi harusi, hupigwa humo usiku wa kuamkia sherehe. Kwa hiyo mashine ya kiwandani ikiingia mtaani haiingii mahali patupu. Inakuta kazi imeshajipanga bila yake.

Cherehani ya kukanyaga, iwe Butterfly ya Kichina au Singer kuukuu ya kurithi, haiulizi umeme uko wapi. Ikikwama, fundi wa kona huifungua kwa bisibisi moja na kipande cha waya. Inakwenda kwa mwendo wa mguu, nao mguu hupumzika mwenye mguu anapotaka. Inashona kitambaa chepesi, inashona jinzi kwa kulalamika, na usiku wa manane haimwamshi mtoto.

Mashine ya kiwandani ni kitu kingine. Chukua Juki DDL-8700, ya Kijapani, ambayo mafundi wengi duniani wanaijua kwa sura hata kama hawaijui kwa jina. Imeundwa kufikia mishono 5,500 kwa dakika. Inajua mshono mmoja tu, ulionyooka. Haipigi zigizaga, haitengenezi tundu la kifungo, haizuii kingo za kitambaa zisifumuke. Hiyo ni kazi ya ovaloki, mashine nyingine kabisa yenye bei yake. Kiwandani hilo si upungufu. Mle ndani watu wamekaa mstari mrefu, huyu anaunga mabega kutwa, yule mikono, yule kola, na shati huzaliwa kwa kupita kwao wote. Mashine ilibuniwa iwe kiungo kimoja cha mwili huo mrefu. Ukiipeleka nyumbani umepeleka kiungo. Mwili umebaki kiwandani.

Hebu tupige hesabu, maana watu wakiona kasi huacha kuhesabu. Mshono wa kawaida una urefu wa milimita 2.5. Mishono 5,500 basi ni karibu mita 14 za mshono kwa dakika. Sketi ya shule, ukijumlisha pande zake, kiuno, mikunjo na pindo, haifiki mita kumi. Kwa nadharia, sindano inaimaliza sketi nzima kabla dakika haijatimia. Kwa mguu, tuseme mishono 400 kwa dakika, ni mita moja kila dakika: dakika kumi. Zawadi yote ile, na picha zake, na hotuba zake, imeokoa dakika tisa. Na hata hizo tisa hazipatikani zote, kwa sababu hakuna fundi anayeigeuza kona ya mfuko kwa mwendo wa mishono 5,500.

Tena sketi ile haikuchukua dakika kumi tangu mwanzo. Ilichukua nusu siku. Mteja alikuja na kitambaa pungufu, akabishana juu ya urefu, akapimwa mara mbili kwa kuwa alikuwa ameshika mtoto. Ikafuata chaki, mkasi, kupiga bandi, pasi ya mkaa iliyogoma kuwaka, kujaribisha, kufumua kiuno, kushona vifungo kwa mkono, na kumngoja mwenye nguo alete pesa iliyobaki. Katika safari yote hiyo sindano ilikuwa abiria wa muda mfupi. Bahati imempa mama kasi mahali ambapo muda haukuwa ukipotea.

Ningeweza kuishia hapo na kuitangaza zawadi hii kuwa mzigo, lakini nisingekuwa nimesema kweli yote. Kuna wiki ambapo hesabu inageuka. Shule zinafunguliwa Septemba. Kuanzia katikati ya Agosti wazazi wanabeba kitambaa cha sare chini ya kwapa, na mwenye bahati ya kuaminiwa na shule hupata oda ya sketi arobaini na kaptura arobaini, zote za mshono ule ule. Hapo kitambaa hukatwa kwa tabaka, mara moja kwa nguo nyingi. Hakuna mteja wa kubembeleza kiunoni. Pindo linafuata pindo. Dakika tisa mara themanini ni saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili katika wiki ya mwisho ya Agosti zina thamani kubwa kuliko mwezi mzima wa Februari. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kushonea shule sare.

Wala si ajabu mashine hii ikipenda sare, maana ilizaliwa nazo. Mwaka 1830 fundi nguo Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kushona, na muda si muda karakana yake ya Paris ilikuwa na mashine zipatazo 80 zikishona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi nguo wa mji walivamia, wakazivunjavunja. Thimonnier alifariki mwaka 1857 akiwa maskini. Vitabu vingine huwasimulia wale mafundi kama watu walioogopa mambo mapya. Mimi nadhani walikuwa wamepiga hesabu ile ile ya pindo niliyoipiga hapo juu, ila wao waliipiga kwa maelfu ya sare za askari, wakaona nani atabaki bila kazi.

Upande wa pili wa bahari, Isaac Singer akapata hati yake mwaka 1851. Mashine zake za mwanzo zilikuwa nzito, za karakana. Mwaka 1856 kampuni yake ikatoa ndogo ya nyumbani, na mshirika wake Edward Clark akaanzisha mpango wa kuichukua leo na kuilipa kidogo kidogo. Kwa hiyo cherehani ya nyumbani ni mashine ya karakana iliyopunguzwa mwili na kugawiwa malipo ili ipite mlangoni. Ile ya mama wa Buyenzi imepita mlango huo huo na unene wake wote, bila malipo yoyote, na pengine hapo ndipo penye tatizo: hakuna aliyelazimika kuupima mlango kwanza.

Bujumbura iliwahi kuwa na kiwanda cha nguo cha kujivunia. COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilisokota pamba ya tambarare ya Imbo, kikafuma, kikapiga rangi vitenge. Kilisimamisha kazi katikati ya miaka ya 2000, na baadaye Afritextile ikaanza kazi katika majengo yale. Leo mtu wa mtaa wa Ngagara ukimtajia COTEBU huenda akadhani unazungumzia soko. Mwaka 2016 ulipoanza, Burundi ikaondolewa kwenye AGOA, mlango ambao mashati ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipitia kuingia Marekani bila ushuru. Sisemi kwamba mlango ule ungeijaza Bujumbura viwanda vya kushona. Nasema tu kwamba mashine za mstari mrefu zinapofika mji huu hazikuti mstari wa kukaa, basi zinapewa watu mmoja mmoja, kwa tombola.

Turudi chini ya meza, kwenye mota, maana huko ndiko kuna siri ya gharama. Mashine nyingi za zamani zina mota ya klachi. Ukiiwasha inazunguka mfululizo, unakanyaga au hukanyagi. Pedali inaunganisha tu mzunguko ule na mkanda. Fundi anakata kitambaa, mota inazunguka. Fundi anazungumza na mteja, mota inazunguka. Mpya zina mota ya sevo, ambayo huamka mguu unapokanyaga na kulala mguu unapoinuka, na mwendo wake unaweza kupunguzwa hadi hatua ya mwanafunzi. Kiwandani, ambako sindano hupumzika kidogo zaidi, tofauti hii ni ndogo kuliko nyumbani. Nyumbani, ambako sindano hupumzika karibu siku nzima, ndiyo tofauti kati ya faida na hasara. Nimewahi kusikia watu wakiulizia jina la mashine, rangi yake, hata nchi ilikotoka. Aliyeulizia mota sijamsikia bado.

Na kwenye parseli umeme si wa mtu mmoja. Kashipawa moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, hulisha vyumba kadhaa, watu huchangia kwa makadirio na kwa kuaminiana: wewe una friji, yule ana taa mbili na redio. Siku mota ya klachi inapoanza kuzunguka nyuma ya ukuta, makadirio yote ya zamani yanavunjika. Mshindi wa mashine anajikuta mdaiwa wa majirani waliompigia vigelegele.

Halafu kuna mambo ya mbinguni. Bwawa la Rwegura, lenye megawati 18, kwa miaka mingi ndilo lililokuwa kituo kikubwa kuliko vyote ndani ya nchi, nalo hutegemea mvua za milimani. Kiangazi huanza Juni. Kufikia Agosti mito imekonda. Tazama basi kalenda ilivyopangwa: kipindi kile kile ambacho mashine ya umeme ina kazi ya kweli, msimu wa sare na harusi, ndicho ambacho maji ya kuzalisha umeme hupungua. Mwenye cherehani ya mguu anashona. Mwenye mashine ya kiwandani anakaa mbele ya chuma, anatazama taa. Mtu atasema anunue jenereta. Huyo hakuwepo Bujumbura miaka hii ya karibuni, magari yalipolala foleni kungoja petroli.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotoa zawadi hizi hawalisemi, labda kwa kuwa hawalijui. Cherehani ya nyumbani hutiwa mafuta kwa mkono, tone hapa tone pale. Mashine ya kiwandani ya aina hii hukaa juu ya sinia la mafuta, na ndani yake mna pampu ndogo inayoyavuta hadi kichwani. Juu kuna kidirisha cha kioo. Ukiona mafuta yakirukaruka pale, ujue viungo vimenyweshwa. Lakini pampu hiyo huendeshwa na mwendo wa mashine yenyewe. Ukishona polepole, kwa woga, kama anavyoshona mtu aliyezoea mguu na anayehofia kuharibu zawadi, mafuta hayapandi vizuri. Ukiifunika kitambaa miezi mitano kuingoja Agosti, inakauka. Mashine hii husalimika kwa kukimbia, na mwenyewe hana budi kuitafutia pa kukimbilia.

Hapo ndipo naona uzito halisi wa kushinda. Mtu anayenunua mashine huwa amekwisha kuwa na kazi inayoizidi mashine yake ya zamani. Kazi ndiyo iliyomsukuma dukani. Anayeshinda hupewa jibu kwanza, akatafute swali. Anaanza kukubali oda ambazo asingezikubali, mapazia ya hoteli, mifuko ya nailoni, mashuka, kwa sababu chuma kimekaa pale kinamtazama. Wengine hufika mbali kwa njia hiyo, sikatai. Wengine huacha kazi iliyokuwa yao hasa, ile ya kumjua mama fulani kwamba bega lake la kushoto liko chini kidogo na kumkatia gauni linalolificha, na kazi hiyo haina mashine inayoifanya kwa mishono 5,500.

Basi aiuze? Nimelifikiria sana, na jibu langu limebadilika nikiwa njiani. Kwa hesabu tupu, aiuze. Kwa bei ya mashine ile apate cherehani nyingine ya mguu kwa ajili ya binti yake, pasi nzuri, na ovaloki hata kama ni kuukuu. Vitu hivyo vitamfaa kila siku ya mwaka. Tena sindano za mashine ya kiwandani ni za aina nyingine, za nyumbani haziingii humo, na tangu faranga iliposhushwa thamani Mei 2023 kila kinachotoka nje kimepanda. Kuuza zawadi si kukosa shukrani.

Lakini hesabu tupu haijui mali ya mwanamke inavyoishi Burundi. Ardhi hurithiwa kwa mila, na mila humwelekea mwana wa kiume. Nyumba mara nyingi iko kwa jina la mume, na katika parseli za kupanga haiko kwa jina la yeyote kati yao. Mashine iliyotangazwa kwa jina lake mbele ya watu, wakipiga makofi, inaweza kuwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kumiliki mwenyewe, na mtaa mzima ni shahidi. Akiigeuza pesa, ushahidi umeyeyuka. Pesa ina ndugu wengi: ada ya mtoto wa shemeji, msiba wa kijijini, biashara ya mume itakayolipa mwezi ujao. Chuma cha kilo sitini hakikopeki kirahisi.

Wengine watashauri aipeleke sokoni. Mji huu una kumbukumbu zake kuhusu soko. Asubuhi ya Jumapili, 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua, na mali ya maelfu ya wafanyabiashara ikaungua nalo, nyingine ikiwa bado na deni la benki. Watu wakatawanyika: Ruvumera hapo hapo Buyenzi, Chez Sion, COTEBU, Kinama. Biashara ilisimama tena, ila sishangai nikiona mtu anayetaka kulala chumba kimoja na mtaji wake, hata kama meza ya mtaji huo imekula nafasi ya kitanda cha watoto.

Njia ninayoiamini ipo tayari mtaani, na ovaloki ndiyo iliyoifungua. Mafundi wengi hawana ovaloki. Wanashona kwao, kisha wanampelekea nguo mwenye nayo, anapitisha kingo, wanamlipa kwa kila nguo. Hakuna anayeona aibu, hakuna anayedhani kila nyumba iwe nayo. Mashine ya mshono ulionyooka ingeweza kufanya kazi hiyo hiyo. Mama abaki mwenye mali. Wanawake wanne watano anaocheza nao kirimba, wanaojuana tayari kwa kutoa mchango kila wiki na kupokezana, waendelee kushona kwa mguu majumbani mwao, kila mmoja na wateja wake na mabega yao. Mapindo marefu, oda za shule, mashuka, wayalete kwake na kulipia kwa nguo. Mashine itakimbia vya kutosha kunywa mafuta yake, na mota, ikibadilishwa ikawa ya sevo kwa pesa ya msimu wa kwanza, itaacha kugombana na majirani.

Njia hii itahitaji daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki hupotea nayo. Iandikwe ni nani anayetia umeme, ni nani analipa sindano ikivunjikia mkononi mwake, saa ngapi za usiku mlango unafungwa. Na wiki ya mwisho ya Agosti igawanywe mapema, mwezi Juni, wakati hakuna mwenye oda. Ikifika Agosti yenyewe kila mmoja atakuwa na shule yake, na mwenye mashine atakuwa na shule mbili.